Ndiyo, tulikula: fasi za kula mu Essen, mji wa wachimbaji

Siku ya mkutano wa wafanyakazi, tulipotoa habari ya safari yetu ya Ujerumani, kijana mmoja wa kikosi cha usiku alisimama nyuma, karibu na mlango, akauliza paka neno moja: « Baba delege, mulienda kule kufanya nini? Kula? » Watu wakacheka. Sisi pia tulicheka, lakini cha mdomo tu. Kwetu hili neno « kula » liko na meno. Delege anakula perdiem, delege anakula feza ya wanamemba, delege anakula meza moja na wakubwa wa kampuni na kusahau wale waliomtuma. Tunajua ginsi watu wanasema mu mabisi wakati wa kupanda kazini.

Basi tunajibu hapa mu gazeti, ili kila mtu asome, na asiyejua kusoma asomewe na mtoto wake. Ndiyo, tulikula. Tena mji wenyewe unaitwa Essen, na mu Kijerumani « essen » ni kula. Hatufanyi mchezo. Wenyeji wanasema jina la mji linatoka ku jina lingine la zamani sana ambalo halihusu chakula, lakini leo neno ni lile lile. Kwa hiyo yule kijana hakukosa. Tulienda Essen, tulienda kula. Sasa tutasema wapi, nini, na bei gani, kwa sababu kesho watatumwa wengine, na kuna wazazi hapa wenye watoto wanaosoma kule. Hatutaki mtu mwingine apate yale yaliyompata muzee wetu.

Tulikuwa watu watano: muzee wa Kipushi aliyetoboa mawe chini ya udongo miaka 26, wandugu wawili wa karière ya Kolwezi, mama mmoja wa labo, na huyu anayeshika kalamu. Ilikuwa mwezi wa 9, mwaka 2023. Wenzetu wa sendika ya kule walilipa ndege na hoteli, na mu hoteli chakula cha asubuhi kilikuwa ndani ya bei. Kwa vyakula vingine walitupa euro 30 kwa mtu kwa siku. Euro moja ni dola moja na kidogo. Mutu wa kwetu akisikia euro 30 kwa siku, anaona ni mali. Huo ndio mtego wenyewe.

Kwanza mjue mji. Essen iko mu bonde la mto Ruhr, upande wa magharibi ya Ujerumani, na watu wake wanapita 570,000. Miji ya jirani, Bochum, Gelsenkirchen, Bottrop, Oberhausen, imeshikana nayo: unapanda tram mu mji mmoja, unashukia mu mwingine, hukuona mpaka. Yote ilijengwa juu ya makaa ya mawe. Mgodi mkubwa wa Essen unaitwa Zollverein. Shimo lake namba 12 lilifunguliwa mwaka 1932, na kwa siku moja lilitoa tani 12,000. Lilifungwa tarehe 23 mwezi wa 12, mwaka 1986. Mgodi wa mwisho wa makaa ya mawe ya chini ya udongo mu Ujerumani nzima ulikuwa pale Bottrop, jina lake Prosper-Haniel. Ule ulifungwa mwaka 2018, tarehe 21 mwezi wa 12, na wachimbaji wakampa rais wa nchi, Steinmeier, jiwe la mwisho la makaa mikononi. Leo hakuna mtu anayeshuka. Lakini mu mambo ya kula, ule mji bado unakula kichimbaji. Utaona.

Muzee na ngazi

Jumatatu jioni tulitoka kutafuta chakula karibu na gare kubwa. Muzee akasema amechoka, atalala. Jumanne jioni, vilevile, amechoka. Asubuhi tulimwona mu hoteli anakula mikate miwili na yai, wa tatu anauingiza mu mfuko wa koti. Hatukusema kitu. Mtu mzima haulizwi habari ya mfuko wake.

Jumatano walitupeleka Zollverein. Ni rahisi kufika: tram namba 107 inatoka gare kubwa na kupita mbele ya mlango. Leo mgodi umekuwa fasi ya matembezi, UNESCO iliuandika mu mali ya dunia mwaka 2001, na mu nyumba walimokuwa wanaosha makaa wameweka musée ya eneo lote la Ruhr. Unapanda kwa ngazi ndefu ya umeme, halafu ndani kuna ngazi za miguu. Tulikuwa tunashuka hizo ngazi za miguu wakati muzee alishika chuma, akasimama, akaketi chini. Mwili baridi, jasho linatoka. Muzee iko na ugonjwa wa sukari, na mu sisi wote paka mama wa labo njo alijua. Alikuwa na bonbon mu sakoshi, akamwingizia mdomoni, akamshika kichwa sawa mtoto. Kisha dakika kumi muzee akafungua macho vizuri. Mungu alisaidia, hatukuhitaji daktari.

Tulimpeleka mu kafe ndogo pale karibu, tukaagiza supu watu wote watano. Ilikuwa supu nzito ya lentilles, zile mbegu sawa maharagwe madogo, na vipande vya sosisi ndani na mkate pembeni. Ni chakula cha zamani cha nyumba za wachimbaji, kinashiba na hakigharimu. Pamoja na chai tulilipa euro 43. Muzee alikula polepole, kisha akasema: « Euro makumi tatu, bana. Niko na bajukulu batatu ba kulipia minervali. Nikikula hii feza, nitarudia na nini? »

Hapo hakuna aliyecheka. Tuseme ukweli, karibu sisi wote tulikuwa tumeshapiga hesabu ile ile mu kichwa. Mmoja wetu alikuwa amekula friti peke yake siku mbili. Tulikuwa wawakilishi wa wachimbaji, tumekuja kusema juu ya afya ya mfanyakazi, na sisi wenyewe tunajinyima chakula mu nchi ya wenye kushiba.

Mama wa labo akatoa anvelope. Akasema: kuanzia leo mpaka jumamosi, siku ine, kila mtu aweke yake hapa. Watu 5, euro 30, siku 4, ni euro 600. Tutakula pamoja, mara mbili kwa siku, chakula cha moto. Mimi nitashika feza, na kila kitu kitakuwa na karatasi. Kitakachobaki si cha mtu, ni cha kesi. Zile 60 za muzee za siku mbili za kwanza tulikubali ni zake, hatukuzigusa. Wengine tulikuwa tumeshakula za kwetu.

Siku ile ile rafiki mmoja wa kule, mchimbaji wa zamani aliyetutembeza, alitueleza jina ambalo wachimbaji wa Ruhr wanaitana. Wanaitana « Kumpel ». Sisi tulifikiri maana yake ni mtu wa mgodi. Hapana. Ni neno moja na la Kifaransa, compagnon, na copain: mtu ambaye munagawana mkate. Muzee aliposikia, akatazama anvelope, akatazama mama wa labo, akasema « aksanti », hakuongeza kitu.

Friti, sosisi na mchinjaji

Sasa fasi zenyewe. Ukifika Essen na huna rafiki, tafuta neno « Imbiss ». Ni kibanda ao chumba kidogo cha kula wima, na kiko karibu kila kona. Chakula chake ni « Currywurst »: sosisi ya kukaanga, inakatwa vipande, inamwagiwa sosi ya tomati yenye unga wa kari juu. Berlin wanasema ni yao, kwamba mama mmoja, Herta Heuwer, aliianzisha mwaka 1949. Watu wa Ruhr hawapendi kusikia hiyo habari. Unaila pamoja na friti. Ukisema « Pommes Schranke », wanakuwekea sosi nyekundu na mayonezi nyeupe juu ya friti, kwa sababu « Schranke » ni ile miti ya kufunga njia pale treni inapopita, yenye rangi nyekundu na nyeupe. Sosisi na friti tulilipa euro 8 na senti 50 kwa mtu. Ni mafuta mengi. Mwenye sukari asile kila siku. Lakini ni moto, ni haraka, na unakula kati ya watu wa kazi: wenye kaske, madereva, bazee wanaosoma gazeti. Mtu anakusalimia « Glück auf! », salamu ya wachimbaji, ingawa mgodi umekufa.

Sosisi nyingi kule ni za nguruwe. Asiyekula nguruwe aulize mapema. Na tunawaonya juu ya kitu kinaitwa « Mettbrötchen »: ni nyama ya nguruwe ya kusagwa, mbichi, mbichi kabisa, juu ya mkate, na kitunguu. Walituletea mu sahani kama zawadi wakati wa mkutano. Ndugu yetu wa Kolwezi aliitazama sana, akauliza kama wamesahau kuipika. Tulikula vitunguu.

Fasi bora ya saa sita kwa feza kidogo si restora hata kidogo, ni duka ya mchinjaji. « Metzgerei » ni jina lake. Wachinjaji wengi, kando ya nyama mbichi, wanaweka meza ya moto kwa wafanyakazi: wanaandika mbele ya mlango, kwa chaki, chakula cha siku. Viazi, kabeji, kipande cha nyama, ao ndimi za nyama ya kusaga wanaita « Frikadelle ». Unakula wima ao mu viti vichache. Alhamisi tulikula hivyo watu watano kwa euro 47 na senti 50, na muzee alirudishiwa viazi mara ya pili bila kulipa, mama wa pale alimhurumia. Lakini usichelewe. Kisha saa nane meza imefutwa.

Kuna kitu kingine cha kujua. Siku za kazi, saa sita, watu wa kule wanasalimiana « Mahlzeit », ni kama kusema saa ya chakula imefika. Wenzetu wa sendika walitupeleka mara mbili mu kantini yao, na humo hatukulipa. Ijumaa ilikuwa samaki. Mtoto wenu anayesoma kule, kama ni ku universite ya Duisburg-Essen, atafute « Mensa », kantini ya wanafunzi. Mwanafunzi analipa bei ya chini kuliko mgeni.

Ile kosa yetu ya Rüttenscheid

Alhamisi jioni tulitaka kuona restora kweli. Walituambia twende Rüttenscheid, mtaa wa kusini wenye barabara ndefu ya restora na baa, watu wa Essen wanaiita kwa kifupi « Rü ». Ni fasi nzuri, taa nyingi, watu wamekaa nje. Tukaingia mu nyumba moja, tukaketi, tukaagiza shnitseli, ile nyama bapa iliyovalishwa unga wa mkate na kukaangwa. Kisha, kwa kuwa tulikuwa na kiu, tukasema: maji. Wakaleta chupa. Tukaisha, tukasema tena: maji. Wakaleta tena. Sisi tulifikiri maji ni ya bure, maji ni maji. Fakture ilipofika: euro 131, na ndani yake chupa za maji bei sawa na pombe! Ndugu yetu akasema angejua angekunywa Stauder, pombe inayopikwa pale pale Essen tangu mwaka 1867, na nafsi yake ingelala vizuri. Basi mujue: maji mu restora yanalipiwa. Ukitaka ya robine, uombe « Leitungswasser », lakini wengine hawapendi kuyatoa. Yale ya robine ya hoteli ni safi kabisa, jaza chupa yako asubuhi.

Hatulaumu ile nyumba. Bei ilikuwa imeandikwa, sisi hatukusoma. Na chakula kilikuwa kizuri. Lakini euro 131 ndiyo namba ambayo itatuuliziwa mu mkutano, na ni haki tuulizwe.

Wakati wa kulipa, mhudumu aliuliza kitu tulichosikia kila mahali kule: « Zusammen oder getrennt? » Pamoja ao mbalimbali? Kwa Wajerumani si aibu kila mtu alipe sahani yake, hata mtu na rafiki yake. Mezani pembeni yetu vijana sita walilipa mara sita, wa mwisho alihesabiwa mpaka kahawa. Mama wa labo alijibu « zusammen » kwa sauti, ndilo neno lake la kwanza la Kijerumani, akatoa anvelope. Kawaida kule unaongeza kidogo juu ya fakture, kama sehemu moja ya kumi kama umehudumiwa vizuri, na unasema jumla papo hapo, huachi feza mezani. Ile euro 131 ilikuwa pamoja na hiyo.

Kuna fasi nyingine tuliiona kwa macho tu. Ndani ya Zollverein, mu nyumba ya mashine zilizokuwa zinasukuma hewa, wametengeneza restora nzuri, jina Casino Zollverein. Nguzo kubwa za betoni ziko vilevile. Tulisimama mlangoni tukasoma karatasi ya vyakula. Muzee alitazama ndani sana, si vyakula, alitazama ile nyumba. Alisema kwetu nyumba ya kompresa ingekuwa imeshauzwa vyuma. Tukaondoka.

Watu wa Zonguldak

Anayetaka kushiba kwa euro 10 jioni, aende kwa Waturuki. Kuna sababu, na ni habari ya wachimbaji. Mwaka 1961 Ujerumani ilifanya mapatano na Uturuki kutafuta wafanyakazi, na wengi waliofika Ruhr waliingizwa mu migodi. Wengine walitoka Zonguldak, mji wa makaa ya mawe wa kule kwao, walijua kazi tayari. Wakorea nao waliletwa, kuanzia mwaka 1963. Waliambiwa ni kazi ya muda, watarudi. Wengi hawakurudi. Mgodi ulipofungwa, wengine walifungua duka, wengine mikate, wengine restora. Leo döner, nyama ya kuzunguka mbele ya moto, inayokatwa na kuwekwa mu mkate na mboga, ni chakula cha Mjerumani yeyote. Jumatano jioni tulikula döner na maziwa yao ya chumvi, euro 9 kwa mtu, jumla 45. Ni nyama ya ng'ombe ao ya kuku, hakuna nguruwe. Mu mtaa wa Altendorf, kandokando ya barabara ya Altendorfer Straße, sasa mutapata pia Waarabu, Wasiria wengi: kuku wa kuchoma, wali, mkate wa moto. Huko ndiko tungewatuma kwanza wale wenye familia.

Rafiki yetu aliyetueleza neno Kumpel ni mtoto wa mmoja wa hao wa Zonguldak. Baba yake alishuka Zollverein, yeye mwenyewe alishuka Prosper-Haniel mpaka mwaka wa mwisho. Ijumaa alitualika mu shamba lake dogo. Kule watu wa kazi wanakodisha vipande vya udongo pembeni ya mji, kila mtu na kibanda chake, maua, viazi, vitunguu. Alituambia zamani, nyuma ya nyumba za wachimbaji, kila familia ilichunga mbuzi, na watu waliita mbuzi « ng'ombe wa mchimbaji ». Tulisikia nyumbani.

Mama wa labo alisema siku ile hatuli cha watu, tutapika. Mu duka ya Waturuki tulipata unga wa mahindi, spinashi, tomati, vitunguu, na duka ya Waafrika upande wa kaskazini wa centre-ville samaki wa kukaushwa na pilipili. Yote euro 41 na senti 30. Bukari ilisongwa juu ya moto wa gesi, na mti wa kusongea ulikuwa mpini wa nyundo uliooshwa mara tatu. Unga wao ni mnene sawa mchanga, bukari ilikataa kushikana mwanzoni, lakini ilikubali. Mwenyeji alikula kwa mkono, na mke wake, na majirani wawili Wajerumani waliosikia harufu.

Ni pale njo tulisikia habari ya « Hasenbrot », mkate wa sungura. Mchimbaji wa Ruhr alishuka na mkate wake wa siagi, vipande viwili vilivyofungwa pamoja. Saa ya kula chini ya udongo waliita « buttern », kutoka ku neno la siagi. Lakini wababa wengi walibakiza kipande, wakakipandisha juu, wakakipeleka nyumbani. Mtoto alikuwa anangojea mlangoni. Baba anasema: sungura amekutumia mkate huu. Mkate umekauka, umeshika vumbi la makaa, na watoto waliupigania kuliko mkate mbichi wa mezani. Rafiki yetu, mtu wa miaka 55, alipoeleza hivyo alinyamaza kidogo. Baba yake alikufa na mapafu.

Muzee wetu alitoa mu mfuko wa koti ule mkate wa hoteli wa asubuhi. Alikuwa bado anaficha mmoja kila siku, hata kisha anvelope! Akauweka mezani. Hakuna aliyemsema.

Wazee wetu hapa wanakumbuka posho ya Union Minière: unga, mafuta ya ngazi, samaki, kila juma kwa ukubwa wa familia. Kule Essen tajiri wa chuma Krupp alikuwa na maduka yake ya wafanyakazi tangu mwaka 1868. Yote mawili yamekwisha. Tofauti tuliyoiona ni hii. Kule, mwaka 2007, serikali, kampuni na sendika walikubaliana kwamba migodi ya makaa itaisha 2018, wakapanga miaka 11 mbele bila kufukuza mtu ovyo: wengine walikwenda pansio mapema, wengine walifundishwa kazi nyingine. Shaba na cobalt yetu nayo itaisha. Tuliuliza mu kila mkutano walifanyaje, na majibu tumeyaandika mu ripoti ambayo iko mu biro, kurasa 14. Mpaka leo waliokuja kuisoma ni watu watatu. Habari ya perdiem, wote wanataka kuijua.

Bude

Jumamosi, kabla ya kwenda ku ndege, tulikula tena sosisi na friti, euro 42 na senti 50, kwa sababu vijana walizitamani. Halafu muzee akataka kurudi ku kibanda kimoja alichokiona karibu na hoteli.

Vibanda hivi vinaitwa « Trinkhalle », ao « Bude ». Ni dirisha mu ukuta wa nyumba: pombe, gazeti, sigara, bonbon za watoto kwa senti, kahawa, mikate asubuhi. Vilianza karne ya 19, wakati maji ya robine hayakuwa salama na wafanyakazi walikunywa pombe kali sana, basi wakawauzia maji ya chupa. Baadaye wengi waliovishika walikuwa wachimbaji walioumia na hawawezi tena kushuka, na wajane wa waliokufa chini. Jumapili, siku ambayo karibu maduka yote ya Ujerumani yamefungwa, Bude iko wazi. Mgeni mwenye njaa ajue hilo. Chupa usitupe, ukirudisha unarudishiwa senti zako.

Mama wa dirishani alikuwa mzee, sauti nzito ya sigara. Muzee alimwonyesha kwa kidole bonbon za kila rangi, mama akazihesabu moja moja mu karatasi, vifurushi vitatu sawa sawa. Wajukuu ni watatu. Kisha kahawa moja. Euro 4 na senti 20. Muzee alipotaka kutoa feza zake, mama wa labo akakataa, akalipa na anvelope, bila kufikiri.

Ile Bude haikutoa karatasi.

Hesabu ni hii. Zilizoingia mu anvelope: 600. Supu 43, döner 45, mchinjaji 47.50, Rüttenscheid 131, bukari 41.30, sosisi 42.50. Jumla 350.30. Zilizobaki 249.70 zimeingia mu kesi ya msaada, na mkutano ujao ndio utakaosema zifanye nini. Karatasi zote sita zimebandikwa ukutani mu biro ya sendika, kushoto ukiingia. Zile 4.20 za bonbon na kahawa, kwa kuwa hazina karatasi, tulizirudisha mu anvelope kutoka mifuko yetu, watu wane, euro 1 na senti 5 kila mtu. Muzee hajaambiwa, atasoma hapa.